Nsimire na Wiki ya Mgeni wa Yazd

Wagonjwa wa Nsimire Bulonza humsikia kabla hawajamwona. Huingia akiimba, wimbo wowote uliomshika asubuhi hiyo, wa kanisani au wa baa, na wale waliolala huanza kujivuta kitandani kwa sababu wanajua kinachokuja. Nsimire ni kiné. Kazi yake ni kurudisha mwendo kwenye miguu, mikono na migongo iliyosahau kazi. Mtu akitolewa plasta, au akiamka na nusu ya mwili haimtii, anapelekwa kwake. Ni mwanamke wa mabega mapana na mikono mikubwa, mikono iliyozoea jembe tangu alipokuwa msichana kijijini Miti, na haoni haya kumkaripia padri au kanali anayekataa kukunja goti.

"Goti haijuwe grade," huwaambia. "Kunja."

Na wanakunja.

Anaishi Bagira, pembeni mwa Bukavu, na mumewe Aloys, mwalimu wa jiografia, katika nyumba yenye kishamba nyuma. Humo hupanda maharage siku ya posho, yaani Jumamosi, siku yake ya kupumzika. Watoto wamekua wakaenda zao. Wa mwisho, Aurore, ameolewa Uvira. Kwenye mambo ya lugha Nsimire hana woga. Mashi aliinyonya kwa mama yake, Kiswahili ni cha mji, Kifaransa ni cha shule, Lingala alijifunza kwa askari aliowanyoosha miguu, na Kinyarwanda alikiokota sokoni. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba katika salle ya wanaume amelazwa mgeni asiyesema lugha yoyote, alicheka.

"Hakuna mutu asiyesema luga," alimwambia Rosette, infirmière, yaani muuguzi, mkuu wa salle ile. "Ni siye hatusikie."

"Utaona," Rosette akajibu. "Ni mutu wa Iran. Alikuya na velo, tangu kwabo."

Mgeni aliitwa Siamak. Alikuwa fundi wa umeme kutoka Yazd, mji wa jangwani katikati ya Iran, ambako ardhi ni tambarare kiasi kwamba mtu anaweza kuendesha baisikeli bila kujua maana ya mlima. Alikuwa ameteremka Afrika Mashariki yote, akazunguka ziwa Tanganyika, akaingia Kongo kwa njia ya Uvira. Mlima wa Ngomo aliupanda akiisukuma baisikeli kuliko kuikanyaga. Kwenye mteremko wa kuelekea Nyangezi mvua ikamkuta, breki zikakataa, na mbele yake lori lilikuwa linapanda. Akachagua mtaro. Watu wa Nyangezi walimtoa humo, wakambeba kwa machela mpaka walipopata gari, na siku ile ile daktari Christophe akaunga mfupa wa chini ya goti kwa chuma na kuufunga plasta.

Mfupa ulishika vizuri. Mwenyewe ndiye aliyekataa kushika. Simu yake ilikuwa imesagika mtaroni, Kifaransa hakukijua, Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia njia na maji. Akageukia ukuta. Rosette alijaribu kumtolea simu yenye kutafsiri. Siamak, ambaye siku zile hakutaka kusemeshwa na mashine, aliifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kugombana.

Kitu kimoja tu alikuwa anauliza. Kila asubuhi, yeyote aliyeingia, awe wa dawa au wa kufagia, aligeuza kichwa na kusema neno lililoishia na shambe. "Chandshambe?" Kisha alingoja. Halafu, asipopata jibu, anarudi ukutani.

"Anaomba chambre, chumba," Rosette alimweleza Nsimire, mikono kiunoni. "Kila siku chambre, chambre. Tulimutosha mu salle, tukamuweka mu chambre ya batu bane. Asubui, chambre! Tukamuweka mu ya batu babili. Chambre tena! Sasa iko peke yake, ku dirisha, na angali anaomba. Anataka ya nani, ya médecin directeur?"

Nsimire alianza naye kazi hivyo hivyo. Alikuwa anakwenda kwake siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano, kama Bukavu wanavyoita Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alimfanyisha vidole vya mguu, nyonga, mguu mzima wa pili, na kukaa ukingoni mwa kitanda. Mwanzoni Siamak alijiachia kama gunia. Baadaye akaanza kushika chuma cha kitanda na kukataa. Nsimire hakukasirika, maana alijua watu wanaokataa kwa uvivu na wanaokataa kwa maumivu, na huyu hakuwa wa kundi lolote. Alionekana kama mtu anayeviziwa. Kwake yeye, mwanamke mwenye mikono mikubwa alikuwa anatokea tu mlangoni, siku nyingine yupo, siku nyingine hayupo, na hakuna aliyeweza kumwambia lini atatokea tena.

Ndipo likaja jambo la pamba. Rosette alikuwa anamsafisha kidonda cha kiwiko, Nsimire amemshikia mkono.

"Ongeza pamba," Nsimire akasema.

Siamak akainua kichwa. Akatazama kile alichoshika Rosette, kile kitu cheupe, akakionyesha kwa kidole.

"Pambe," akasema.

"Pamba," Nsimire akasema.

"Pambe." Na kwa mara ya kwanza tangu aletwe, mdomo wake ukapinda upande mmoja, karibu na kucheka.

Rosette alimaliza kufunga kidonda, lakini Nsimire alibaki amesimama. Neno moja, sawa na lao, limetoka mdomoni mwa mtu wa mbali namna ile bila kufundishwa. Walipotoka koridoo alimshika Rosette mkono.

"Huyu mutu hasemake Français hata kidogo. Anasema ya kwabo. Kama pambe yake ni pamba, ile shambe si chambre. Ni kintu."

"Kintu gani?"

"Sijue bado. Nitajua."

Alisema hivyo kama mtu anayesema ataenda sokoni na kurudi.

Katika hospitali zetu mgonjwa hulishwa na watu wake, na Siamak hakuwa na watu. Wagonjwa wenzake walikuwa wanamgawia, na Nsimire alikuwa amezoea kumletea sahani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alifika naye Aloys, wamebeba wali na sambaza. Katika kanisa dogo la hospitali misa ya pili ilikuwa inaendelea. Ngoma zilisikika mpaka chumbani. Siamak alikuwa ameketi nusu. Alipowaona, hakutazama sahani. Alionyesha dirisha, upande wa ngoma, akaunganisha viganja kama mtu anayesali, kisha akainua kidole kimoja.

"Yekshambe?"

"Anaomba moja," Aloys akasema.

"Moja ya nini?"

"Labda sambaza moja. Labda hapendi mingi."

Aloys akamtolea samaki mmoja. Siamak akatikisa kichwa, akausogeza mkono wa Aloys kwa adabu, akaonyesha tena dirisha. Viganja. Kidole kimoja. Macho yake yalikuwa yameshikamana na ya Nsimire, na ndani yake mlikuwa na ombi kubwa kuliko wali.

"Anaonyesha kanisa," Nsimire akasema polepole. "Anaonyesha leo. Leo ni siku ya Mungu... Aloys, anahesabia siku!"

"Lakini siku ya kwanza ni kesho."

"Kwetu. Kwabo labda ni leo. Ku radio banasema namna gani?"

"Jumapili," Aloys akasema, na mwalimu ndani yake akaamka. "Pili, ni kusema mbili. Eh! Ni kweli. Kila mutu na hesabu yake."

Nsimire hakutaka kusherehekea kabla ya kuhakikisha. Asubuhi ya Jumatatu aliingia koridoo bila kuimba, jambo lililowashtua wagonjwa wote. Alisimama mlangoni pa Siamak, na kabla huyo hajafungua mdomo akainua vidole viwili.

Siamak alivitazama vile vidole. Akamtazama yeye.

"Doshambe," akasema kwa sauti ndogo. Halafu kwa nguvu: "Doshambe! Doshambe!" Akajisukuma kwa viwiko vyake viwili, kile kizima na kile chenye kidonda, akakaa mwenyewe ukingoni mwa kitanda. Hakuna aliyemshika. Nsimire akapiga kofi moja kubwa la furaha, Rosette akaja mbio akidhani kuna kilichoanguka.

"Alikuwa anauliza leo ni siku gani," Nsimire akamwambia. "Siku zote zile. Siku gani, basi! Na siye tunamuhamisha nyumba."

Rosette aliweka mkono mdomoni. Kisha akacheka mpaka akaegemea mlango, na Siamak, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka kwa kuwa wanacheka.

Kuanzia hapo ilikuwa shule. Siamak alifundisha vizuri, kwa sababu alikuwa na njaa ya kusikilizwa. Yekshanbe, doshanbe, seshanbe, chaharshanbe, panjshanbe: moja, mbili, tatu, nne, tano, zote zimepandishwa juu ya neno shanbe. Akiandika aliweka n, lakini mdomoni ilikuwa m, kama Nsimire alivyoisikia tangu mwanzo. Jumamosi ilikuwa shanbe tupu, haina namba. Na Ijumaa alipoitaja, "jome", Nsimire alipiga paja.

"Hiyo najua! Ijumaa! Na siye tuko nayo!"

Lakini kilichowafurahisha zaidi, yeye na Aloys, ilikuwa Jumatatu. Bagira wanaiita siku ya kwanza. Siamak anaiita ya pili. Redio na vitabu vinaiita ya tatu. Asubuhi moja, watu watatu, namba tatu. Aloys aliliweka hilo darasani mwake wiki ile ile, na wanafunzi walibishana mpaka kengele ikapigwa ni nani hasa anayehesabu vizuri.

Nsimire alizitia zile siku katika wimbo. Hakuwa na subira ya kuzikariri kavu. Alichukua sauti ya kwaya, akapanga yekshanbe juu, doshanbe chini kidogo, chaharshanbe akaivuta kwa sababu ilikuwa ndefu, na baada ya muda mfupi hata wafagiaji walikuwa wanaipiga mluzi. Sasa alipoondoka kwa Siamak alimwambia lini atarudi. Doshanbe. Chaharshanbe. Jome.

Kwenye jome Siamak akatikisa kichwa. Akalaza shavu juu ya viganja: jome ni siku ya kulala, ya kukaa na ndugu.

"Aa-aa. Jome ni kazi," Nsimire akasema.

Siamak akatikisa tena, safari hii akitabasamu, mkono kifuani, kama mtu anayejua haki yake. Nsimire alifikiri. Mgonjwa anayebishana ni mgonjwa anayepona, na mapatano yalimpendeza kuliko ushindi.

"Sawa. Jome unalala." Akamnyooshea kidole. "Lakini shanbe, nakuya."

Hivyo akampa siku yake ya maharage. Aloys alipouliza nani atapalilia, alijibiwa kwamba nyumba ina majembe mawili, na moja ni lake.

Aloys ndiye aliyetoa simu yake ili Siamak azungumze na kwao. Siamak alimpigia dada yake mkubwa, Mahin, aliyekuwa hajui kama mdogo wake yuko hai. Mahin alilia, Siamak akalia, halafu simu ikasukumwa kwa Nsimire. Hakuwa na maneno mengine, kwa hiyo alitoa aliyonayo.

"Mahin! Panjshanbe!" akasema, maana ilikuwa Alhamisi.

Sauti ya Mahin ikakubali kwa kicheko kilicholowa machozi, "Panjshanbe! Bale, panjshanbe!" Wakaendelea kuambiana hivyo, panjshanbe, panjshanbe, kama ndugu wa siku nyingi wanaoamkiana.

Ulipofika wakati wa kutoa plasta, daktari Christophe alitazama picha za mfupa, akaridhika. "Siku ya tatu, asubui," akamwambia Nsimire. "Umuambie mutu wako."

Nsimire alikwenda moja kwa moja. Siku ya tatu: tatu ni se. "Seshanbe!" akamwambia Siamak, akachora hewani mkasi unaokata plasta. Siamak akamwambia Mahin kwa simu. Wote wakafurahi.

Lakini siku ya tatu ya Bukavu ni Jumatano, na seshanbe ni Jumanne.

Jumanne hiyo Nsimire alikuwa katika mafunzo upande mwingine wa mji. Siamak aliamka mapema. Alinyoa ndevu zote, akaomba maji, akavaa shati lake jekundu la safari lililofuliwa na wafagiaji, akakaa kwenye kiti amenyoosha mguu wenye plasta kuelekea mlangoni. Huko Yazd, Mahin na mama yao waliweka simu mezani wakingoja. Asubuhi ikapita. Chakula kikapita. Rosette aliyemwona amependeza alidhani anangoja mgeni, akamsifia shati. Daktari Christophe alipita koridoo, akampungia mkono, akaendelea. Ilipofika wakati wa kuwasha taa, Siamak alivua shati, akalala, akageukia ukuta.

Jumatano Nsimire alifika anaimba. Alikuta mgongo.

"Siamak! Plasta! Tunaenda!"

Alizunguka kitanda, akachungulia uso. Siamak alifungua macho, akasema neno moja tu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma Nsimire zaidi.

"Seshanbe," akasema, akaonyesha nyuma ya bega. Jana.

Nsimire alianza kuhesabu. Akatazama vidole vyake. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yekshanbe, doshanbe, seshanbe... Akavuta kiti akaketi ubavuni mwa kitanda, akajigonga paji la uso kwa kiganja mpaka kikalia.

"Ni miye," akasema. "Angalia. Siamak, angalia."

Akainua mkono wa kushoto: huu ni Bukavu. Akainua wa kulia: huu ni Yazd. Kwenye wa kushoto akahesabu kwa sauti, akaanzia Jumatatu. Kwenye wa kulia akaanzia Jumapili, kwa ngoma na viganja vya sala ili asipotee. Vidole vitatu vya Bukavu viliposimama, kulia vilikuwa vimesimama vinne. "Tatu ya Bukavu," akasema, akiutikisa mkono mmoja, "chahar ya Siamak," akiutikisa mwingine. "Miye nilikosa. Nsimire alikosa. Leo! Chaharshanbe!"

Siamak aliitazama ile mikono mikubwa, mmoja umepungukiwa na kidole. Kwanza bega likatikisika. Kisha akageuka mzima mzima, akashika tumbo, akacheka kwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia katika jengo lile, kicheko kinene cha mtu aliyekuwa na afya siku nyingi kabla. Akachukua mkono wa Bukavu, akakiinua kile kidole cha nne mwenyewe, ili mikono ifanane.

Plasta ilitolewa kabla ya saa sita. Daktari Christophe, alipoelezwa, alisema tangu sasa ataandika tarehe, na Nsimire akamwambia ni vizuri, lakini kalenda ya Iran nayo ina tarehe zake, aulize kwanza.

Mguu uliotoka ndani ya plasta ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Goti lilikuwa kama mlango wenye kutu. Hapo kazi ya kweli ilianza, na Nsimire hakumwonea huruma hata kidogo. Alimkunja, akamnyoosha, akamsimamisha. Siamak alitukana kwa Kiajemi, akaomba msamaha kwa Kiswahili, neno "pole" akilitumia mahali pa "samahani", na Nsimire akaongeza msamiati wake: zanu ni goti, pa ni mguu, dard ni maumivu. Hilo la mwisho alilifahamu bila kutafsiriwa.

Alipopewa ruhusa ya kutoka, hakuwa na pa kwenda. Kukanyaga baisikeli bado, kurudi Yazd hakutaka. Nsimire alilipeleka jambo hilo nyumbani wakati wa chakula.

"Atalala wapi?" Aloys akauliza.

"Chumba ya Aurore."

"Na atakula nini?"

"Bugali, kama siye."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka ashuke ku soko na apande tena bila fimbo."

Aloys alikuna kidevu. Alipenda nyumba yake iwe kimya baada ya kelele za darasani, na Nsimire alijua, kwa hiyo alimwacha akune.

"Unajua," Aloys akasema mwishowe, "miaka yote hii nafundisha jangwa. Sijaona mutu moja mwenye alitoka mu jangwa."

Ikawa hivyo. Siamak alihamia Bagira. Asubuhi alishuka na kupanda njia za kule, ambazo hakuna hata moja iliyo sawa, na akinamama waliokuwa wanateka maji walimhimiza kwa majina ya siku, kwa kuwa ndiyo Kiajemi kilichokuwa kimeenea. "Doshanbe, tonton! Courage!" Jioni alikaa na Aloys wakichora kwenye ubao mdogo. Alieleza namna watu wa Yazd walivyochimba mifereji chini ya ardhi tangu zamani za mababu, maji yatembee gizani kutoka milimani bila kukaushwa na jua. Aloys aliuliza juu ya mteremko wa mifereji, juu ya visima vya hewa, juu ya nani anaisafisha. Alikuwa anasahau kula. Siamak naye alifungua nyaya zote za nyumba ile, akatikisa kichwa, akazifunga upya, kisha majirani wakamwita, na hakukaa tena bila kazi.

Baisikeli ilikuwa bado Nyangezi. Aloys na Siamak walikwenda kuifuata na kuikuta kwa mkulima mmoja, Mushagalusa, aliyekuwa ameifunika kwa turubai na kumkataza kila mtu kuigusa. Siamak alitaka kumshukuru. Alimkumbatia. Mushagalusa, ambaye hakuzoea kukumbatiwa, alisimama mikono imening'inia, halafu akampigapiga mgongoni na kusema velo ile ni nzito sana kwa mtu mwenye akili.

Asubuhi ya kuondoka Nsimire na Aloys walimsindikiza mpaka kwenye daraja la Ruzizi, mpakani. Mizigo ilikuwa imefungwa, breki ni mpya. Watu walikuwa wengi, wenye mabeseni ya nyanya, wenye sare, wenye haraka.

"Chuchumaa," Nsimire akasema.

Siamak akatazama kushoto na kulia. "Maman, batu banaona."

"Baone. Chuchumaa."

Akachuchumaa, mpaka chini, visigino vikagusa ardhi. Akasimama bila kushika kitu. Nsimire akapiga magoti palepale barabarani, akapapasa goti, akashuka kwenye mfupa, akabonyeza kifundo cha mguu. Afisa mmoja wa mpaka alisogea kutazama, akauliza kama na yeye anaweza kuangaliwa mgongo. Nsimire akamwambia aje hospitalini kama watu wengine. Kisha akasimama, akakung'uta kitenge chake.

"Enda," akasema.

Siamak aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwake, akainamisha kwa Aloys. Hakuangalia nyuma darajani, kwa sababu njia ilikuwa imejaa, naye Nsimire alikuwa amemwonya juu ya kugeuka geuka.

Wiki chache baadaye, jioni moja Nsimire akiwa ametoka kazini kwa wagonjwa wengine, sauti ya Siamak ikaingia kwenye simu ya Aloys. Alikuwa Kabale, Uganda, kwenye baridi na milima tena. Kwa Kiswahili cha Bagira kilichovunjika hapa na pale alieleza kwamba kifundo kimevimba kidogo, lakini ataendelea kesho. Nsimire alimnyang'anya mumewe simu.

"Hautaendelea!" akasema, akichanganya lugha zote alizokuwa nazo. "Pa juu! Ku mto! Dard ikiisha, njo unaenda. Unasikia? Mahin nitamuambia!"

Mahin aliambiwa kweli. Wanawake wale wawili walikuwa wamezoea kupigiana sasa, kila mmoja akijaza mapengo ya mwenzake, na Mahin alikuwa ameanza kusema "mumelala vizuri?" kwa matamshi yaliyomfanya Aloys atabasamu kila mara.

Siku iliyofuata ilikuja picha: kitanda, ukuta wa buluu, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili. Nsimire aliikuza kwa vidole mpaka kifundo kikajaza kioo. Aliangalia ngozi, mstari wa mfupa, kovu la mshono.

"Imepunguka," akasema.

Akamrudishia Aloys simu, akaenda kuweka maji ya bugali motoni.